Maswali Yenu: Poten ya kwenye gunia la viazi ni kupanda au ni miguu?

SWALI: Habari za kazi mhariri na timu nzima. Mi ni mkulima wa viazi mviringo huku Makete, mwaka huu kikundi chetu kilipata mbegu iliyotoka Uholanzi, sasa kwenye gunia kuna kikaratasi kimeandikwa POOTAARDAPPELEN. Kijana wangu akasema aardappelen anajua ni viazi, ila hiyo poot alivyoitafuta kwenye simu ikamwambia ni mguu wa mnyama, wingi wake poten. Mwenzetu mwingine kikundini anabisha kwamba poten ni kupanda. Tumebishana wiki nzima bana, naomba mtupe maana na asili ya hilo neno. (Msomaji, Makete)

JIBU: Ndugu mkulima, ahsante sana kwa swali. Mwenzenu wa kikundini yuko sahihi, na kijana wako naye simu haikumdanganya, ila ilimletea neno lingine kabisa. Kiholanzi kina maneno mawili yanayofanana herufi kwa herufi. La kwanza ni poot, mguu wa mnyama, au mguu wa meza na kiti, na ukitaka wingi unasema poten. La pili ni kitenzi poten, maana yake kupanda, na ndo hicho kilichopo kwenye gunia lako, ila kikiunganishwa na neno lingine kinakatwa kinabaki poot. Pootaardappelen ni viazi vya kupanda, yaani mbegu ya viazi basi, hamna mguu wowote hapo.

Ila sasa sio kupanda kokote, na hapa ndo pana utamu wenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo. Mholanzi akiwa shambani ana vitenzi vitatu ambavyo sisi mara nyingi vyote tunaviita kupanda tu. Kuna zaaien, hiyo ni kusia au kumwaga mbegu, ngano, karoti, mchicha, vile vitu vidogo vidogo vinavyotoka mkononi kwa wingi. Kuna planten, unachukua mche wenye mizizi yake tayari, kabichi, nyanya, mti toka kitaluni, unauweka shimoni. Alafu ndo poten. Poten ni kukisukumiza ardhini kitu kizima chenye uhai ndani yake, kimoja baada ya kingine, kiazi, kitunguu cha ua kama tulipu (kile cha kuoteshea ua, sio cha kula), punje kubwa ya maharage, tawi lililokatwa ambalo halina hata mzizi mmoja. Ukitaka Kiswahili kinachokaa karibu nalo zaidi basi ni kuchomeka, kama tunavyosema kuchomeka marando ya viazi vitamu au kuchomeka vipingili vya muhogo, mkulima yeyote wa Kiswahili akisikia kuchomeka anaiona kabisa ile mkono ikishuka chini na udongo ukifunguka. Hiyo ndo poten.

Nikwambie pia kwamba mpaka kati ya planten na poten hauna uzio, watu wengi mjini wanasema planten kwa kila kitu na hakuna atakayewashangaa, ila mkulima wa viazi kule kaskazini, Friesland au Groningen, hawezi kukwambia anaenda aardappelen zaaien, hilo litamkwaza masikioni.

Na hicho kikaratasi cha gunia msikitupe, kisomeni. Mbegu ya viazi Uholanzi inakaguliwa na chombo kinaitwa NAK, kipo tangu 1932 na makao yake yako mji wa Emmeloord, na kikaratasi kinakuonyesha jina la aina ya kiazi, nchi ilikozalishwa, daraja, na ukubwa kwa milimita. Daraja mtaona herufi kama S, SE, E au A, S ndo iko juu na inashuka kadiri mbegu inavyorudiwa shambani mwaka hadi mwaka. Ukubwa mtaona kitu kama 28/35 au 35/45, hiyo maana yake viazi vimepita kwenye chekecheke yenye matundu ya mraba, vikashindwa kupita tundu la milimita 28 lakini vikapita la 35. Kwa nini wanahangaika hivyo? Kwa sababu pootmachine, ile mashine ya kupandia, aina inayotumika sana ina mkanda wenye vikombe vidogo, kila kikombe kinatakiwa kichote kiazi kimoja tu na kukidondosha kwenye mfereji, viazi vikitofautiana sana ukubwa basi kikombe kimoja kinabeba viwili na kingine kinapita kitupu, shamba linaota mapengo. Wao wanapanda zaidi mwezi wa 4, baridi ikishapungua, na mistari inakuwa sentimita 75 toka mmoja hadi mwingine, ambayo ni nafasi ileile mabwana shamba wetu wanayoihubiri huku.

Kingine ambacho mkulima wa mbegu anafanya kule na watu wakisikia mara ya kwanza wanashangaa, anaua majani ya viazi vyake mwenyewe wakati bado ni ya kijani! Kazi hiyo inaitwa loofdoden. Anafanya hivyo kwa sababu vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wakija wanabeba virusi, na virusi vikishaingia kwenye jani vinashuka mpaka kwenye kiazi chini, na kiazi hicho ukikipanda mwakani unakuwa umepanda ugonjwa. Bora apate kilo chache lakini safi. Ndo maana pia mashamba mengi ya mbegu yako karibu na bahari upande wa kaskazini, upepo wa huko hauwapi vidukari nafasi ya kutulia. Nchi ile ndogo ndo inayouza nje mbegu ya viazi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, sasa ukiona neno pootgoed, yaani vitu vya kupanda, kwenye makaratasi ya bandarini, ujue ni mbegu ya viazi wanaiongelea.

Kuna kiazi kimoja kinaonyesha vizuri sana tofauti ya zaaien na poten, kinaitwa Bintje. Mwalimu wa shule huko Friesland, Kornelis Lieuwes de Vries, alikuwa anachavusha maua ya viazi, anachukua zile mbegu ndogo ndogo zinazotoka kwenye vitunda vya juu, anazisia, kila mbegu inatoa kiazi kipya ambacho hakijawahi kuwepo. Viazi vyake alikuwa anavipa majina ya watoto wake, majina yakaisha, kimoja akakipa jina la mwanafunzi wake wa zamani, Bintje Jansma, kikaingia sokoni 1910 na kikaja kuenea Ulaya nzima mpaka chipsi za Ubelgiji zikawa zinategemea hicho. Sasa angalia, Bintje ilisiwa mara moja tu. Tangu hapo mpaka leo haijasiwa tena, kiazi kinakatwa toka kwa mama yake kinachomekwa, cha huyo kinachomekwa, zaidi ya miaka 100, kiazi kilekile kwa damu yake ileile. Ukikisia mbegu ya tunda lake unapata kitu kingine. Kwa hiyo zaaien inaleta kipya na poten inaendeleza kilichopo, na mkulima anapochagua kitenzi anakuwa ameshakwambia anafanya lipi kati ya hayo.

Haya tuje kwenye asili. Poten ni neno la zamani, lilikuwepo kwenye Kiholanzi cha enzi za kati, ile lugha iliyoandikwa kati ya 1150 na 1500 hivi, na pembeni yake kulikuwa na jina pote, maana yake kitawi kichanga au kipando. Kiazi chenyewe wakati huo hakipo Ulaya kabisa, kilikuwa bado kiko kwa wenyewe kwenye milima ya Andes. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alipata viazi viwili akiwa Vienna mwaka 1588, baadaye 1593 akahamia Leiden kusimamia bustani ya chuo kikuu, kwa hiyo kiazi kilivyofika Uholanzi kilikuta kitenzi kinakisubiri. Kabla yake watu walikuwa wanapoten nini? Miti. Hasa ule mti unaopenda maji wanaouita wilg, unakata tawi nene limenyooka, unalichomeka kwenye ukingo wa mfereji bila mzizi bila nini, linachipua. Nchi ile imejaa maji na mifereji, miti hiyo ilishika kingo zisibomoke na matawi yake yakatengenezewa vikapu na uzio, nadhani unaona kwa nini walihitaji neno maalumu la kuchomeka.

Ukienda nyuma zaidi, wataalamu wa historia ya maneno wanaliweka poten kwenye ukoo mmoja na neno la Kiingereza cha kale potian, yaani kusukuma, au kupiga kwa pembe kama ng'ombe anavyofanya, na pia ukoo wa put ya leo, kuweka. Kwa hiyo maana ya kwanza haikuwa shamba hata kidogo, ilikuwa kitendo cha mkono, kusukuma kitu kiingie. Kidenmaki nao wana pode, walilipata toka kwa majirani wa Ujerumani ya kaskazini, na kwao maana yake imekuwa kubebesha, ile ya kuunganisha tawi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, na kinachopendeza zaidi, mtoto wa mtu pia wanaweza kumwita pode, kitawi changu, chipukizi wangu.

Kitu kimoja kinachowavutia watu wa fani hii ni hiyo herufi p ya mwanzo. Zile lugha za zamani zilizozaa Kiholanzi, Kijerumani na Kiingereza zilikuwa na maneno machache mno ya kuanza na p, kwa hiyo ukikutana na neno la Kiholanzi linaanza na p mara nyingi ni mgeni toka Kilatini, peper pilipili ni mgeni, poort lango ni mgeni, paard farasi ni mgeni, na hata planten ni mgeni, imetoka plantare. Poten yenyewe haina ushahidi kama huo, imekaa pale pwani za kaskazini, Uholanzi, Ujerumani ya kaskazini na Uingereza, kama mwenyeji. Kwa hiyo bustani ya Kiholanzi ina vitenzi vitatu vyenye historia tatu, zaaien ya ukoo wa kale sana ambao hata Kilatini wana nduguye, semen yaani mbegu, planten iliyoletwa na Kilatini, na poten ya watu wa pwani.

Na kuhusu ule mguu, ndugu yangu, ukitaka mguu uufuate kwenye planten! Kilatini planta ni kipando na pia ni wayo wa mguu, na wapo wanaoeleza kwamba plantare ilianzia kwenye kukanyagia mche kwa wayo ili udongo ushike. Poten yeye haijatoka kwenye poot ya ng'ombe, zimefanana sura tu.

SWALI: Niaje mhariri, mimi nafanya kazi greenhouse ya maua huku Naivasha, supervisor wetu wa Kiholanzi husema "potten" na wakati mwingine kama "poten", ni kitu kimoja? (Dada wa Naivasha)

JIBU: Hapana dada, ni vitu viwili, na hapa sikio lako ndo kila kitu. Potten ya t mbili ina o fupi, inakatika haraka, imetoka kwa pot, chungu. Akisema oppotten anamaanisha chukua mche uweke kwenye chungu chake, na verpotten ni kuhamisha toka chungu kidogo kwenda kikubwa. Hiyo oppotten pia wanaitumia kwa mtu anayelundika hela bila kutumia. Poten ya t moja o yake inavutwa, inasikika karibu kabisa na Kiswahili chetu "pote", maana wengi wanaimeza ile n ya mwisho. Ila ukikutana na mtu wa Groningen au Drenthe yeye anameza e badala yake na n anaibakiza, inakuwa kama "pootn".

Kwa sababu uko kwenye maua nikuongezee hili. Watu wa tulipu kule kwao vile vitunguu vinavyohifadhiwa kwa ajili ya kurudishwa shambani hawaviiti pootgoed, wanaviita plantgoed, na vile vikubwa vya kuuzwa wanaviita leverbaar. Yaani kazi ni ileile, mkono unachomeka kitu cha mviringo ardhini, lakini biashara ya viazi imeng'ang'ania poten na biashara ya maua imechukua planten. Bustani ya Keukenhof kule Lisse kila vuli wanachomeka kama vitunguu milioni 7 kwa mkono, na mzee wa kijijini pembeni yake akichomeka vyake 20 mbele ya nyumba anaweza kukwambia kwamba ametoka kupoten bollen, yaani vitunguu hivyo vya maua. Wote wako sawa. Ukiwa kazini fuata neno la wenye kazi, ndo litakusaidia.

SWALI: Salaam kutoka Flevoland. Nipo huku mwaka wa pili, kazini nasikia pootvis, neerpoten, op poten zetten. Samaki nao wanapandwa?? (Mtanzania, Uholanzi)

JIBU: Wanapandwa ndugu, na wala usishangae kwa sababu hata sisi tunasema kupandikiza samaki! Si sangara wa Ziwa Victoria tunasema alipandikizwa miaka ya 1950, na mfugaji wa samaki leo anapandikiza vifaranga bwawani. Pootvis ndo hao vifaranga, samaki wadogo wanaowekwa kwenye maji wakue, na kuna pootaal, mikunga wadogo kwa kazi hiyohiyo. Nilichokipenda zaidi ni hiki, ukishuka Zeeland kwenye ufugaji wa kome, pale Yerseke na maji ya Oosterschelde, kome wachanga wanaitwa mosselzaad, mbegu ya kome, na wenyewe hawapotwi, wanasiwa, zaaien, kwa sababu boti inapita inawamwaga kwa wingi chini ya maji kama mtu anavyomwaga mtama. Yaani mantiki ya shamba imeingia baharini bila kubadilika.

Neerpoten ni kitenzi chetu hichohicho na neer, chini, ni kukiweka kitu mahali kwa kukibwaga au kukisimika bila kuuliza mtu, mfano wamejenga ghorofa baya katikati ya kijiji watu watasema limekuwa neergepoot, na mtoto ukimketisha mbele ya tivii ili upike unaweza kusema umem-neerpoten. Lina ukali kidogo hilo, angalia unamwambia nani.

Op poten zetten hiyo ni ile poot nyingine, ya mguu. Kusimamisha kitu kwenye miguu yake, kuanzisha, biashara, chama, mradi. Na ukisikia mtu anasema toa poten zako hapo, anasema mikono yako, na hajakuheshimu.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nasoma huku Eindhoven, nikipanda baiskeli kwenda vijijini naona mistari mirefu ya miti pande zote za barabara, mwenyeji wangu anasema ni "voorpootrecht". Poten hiyo hiyo? Na nyakati zake zinaandikwaje, huwa nakosea mtihani. (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni hiyohiyo, na kwangu mimi hili ndo neno zuri kuliko yote yaliyozaliwa na poten. Voor ni mbele, poot ni kupanda, recht ni haki. Eneo lile la Meierij, mashamba na vijiji vya kuzunguka 's-Hertogenbosch mpaka huko uliko, tangu enzi za kati watawala wa Brabant, jimbo la huko kusini, waliwaachia watu wa vijiji maeneo ya pamoja, na mwenye shamba linalopakana na barabara akapewa haki ya kuchomeka miti mbele ya shamba lake, kwenye ardhi ambayo si yake. Ardhi inabaki ya jumuiya, mti ni wako, ukikomaa unaukata unauza na unachomeka mwingine. Watu waligombania mno hiyo haki kwa sababu ilikuwa hela, miti mingi unayoiona ni ile wanayoiita populier, inakua haraka, mbao yake laini, na ndo ilikuwa inachongwa klompen, vile viatu vya mbao vinavyofunika mguu mzima, sio mitalawanda kama ya kwetu pwani. Vijiji kama Best, Liempde na Sint-Oedenrode vilijaa mafundi wa klompen, mti unatoka barabarani mbele ya shamba unaingia karakana ya jirani.

Haki yenyewe haijafa mpaka leo, ina karne na karne na bado kuna maeneo inahesabika, ndo maana halmashauri ikitaka kupanua barabara inabidi kwanza iulize hiyo miti ni ya nani. Muulize mwenyeji wako kama familia yao wanayo, utapata hadithi.

Kuhusu mtihani, shika hivi: ik poot, wij poten, jana ik pootte, na limekwisha fanyika heb gepoot. Wakati uliopita una t mbili na o mbili, pootte, ukitoa o moja inakuwa potte na unakuwa umehamia kwenye vyungu vya dada wa Naivasha.